Muuguzi wa zamu ya usiku naye apandishwe mizani

Kwa Mhariri,

Kila makala ya kisukari au ya shinikizo la damu huishia palepale: mwone muuguzi wako. Sawa. Lakini muuguzi mwenyewe, mwenye kilo 84 na urefu wa mita 1.60, anayekesha wodini huku viatu vinambana, amwone nani? Hesabu ya uzito kwa urefu (BMI) anaijua: 1.60 mara 1.60 ni 2.56, 84 ukigawa kwa 2.56 unapata karibu 33, na kuanzia 30 huo ni unene wa kutibiwa. Basi tuache kumpa somo la lishe. Anachokosa ni usingizi, wenzake wachache wa kushikana nao, na ratiba isiyomkatakata. Tunaandika tukiwa wauguzi wa Bukavu tunaofuatilia wagonjwa wa kisukari.

Usingizi kwanza, maana ndio unaosahauliwa. Mwaka 2022 watafiti wa Chicago walichapisha matokeo ya watu wazima 80 wenye uzito uliozidi, waliozoea kulala pungufu ya saa sita na nusu kwa siku. Nusu yao walisaidiwa kuongeza usingizi, wakapata zaidi ya saa moja ya nyongeza. Chakula hawakuagizwa wakibadili. Hata hivyo, ukiwalinganisha na wale wengine, walikula pungufu ya kalori 270 hivi kwa siku. Hizo ni kama gramu 75 za unga mkavu wa bugali, zimetoka bila mtu kujinyima. Mwili usiolala huongeza homoni ya njaa na kupunguza ile ya shibe. Ndiyo sababu saa tisa usiku mandazi yanaita kuliko saa tisa mchana.

Kwa hiyo msaada wa kwanza unatoka nyumbani, kwa mume, mama mkwe na watoto wakubwa. Mama akirudi kutoka zamu asikute beseni la nguo linamngoja. Ale kidogo, yai na kipande cha muhogo wa kuchemsha, ili njaa isimwamshe, halafu kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana mlango usigongwe. Kitenge kikunjwe mara mbili kitundikwe dirishani, simu abaki nayo dada mtu. Jioni aongeze saa moja na nusu ya kulala kabla ya kutoka. Pasipo hayo, mengine yote tunayoandika hapa ni bure.

Chakula cha zamu kina shida yake ya pekee. Hospitali nyingi za kwetu hazipikii wagonjwa. Ndugu ndio wanaoleta sahani, na muuguzi hula katika hizo. Halafu mgonjwa akipona, familia inaleta soda na mfuko wa mandazi, na kukataa ni kama kutupa shukrani yao. Soda ya sentilita 33 ina karibu gramu 35 za sukari, vijiko vidogo saba. Ukinywa mbili kwa usiku mmoja umefikisha kalori 280, na hujahesabu mandazi. Timu ikubaliane: zawadi inapokelewa kwa mikono miwili, inafungiwa kabatini, inagawanywa asubuhi iende nyumbani kwa watoto. Familia ikiuliza mapema inunue nini, iambiwe avoka au ndizi.

Mlo mkubwa uliwe nyumbani saa kumi na mbili jioni: maharagi au sambaza (samaki wadogo wa ziwani), lengalenga nyingi, bugali ya gramu 100 za unga. Unga upimwe ukiwa mkavu, kwa sababu bugali ikishapikwa hudanganya macho. Mafuta nayo yapimwe kwa kijiko. Kijiko kikubwa kimoja ni kalori 120, na sombe (majani ya muhogo) iliyoelea mawese humeza vijiko sita bila mtu kuona. Sambaza za kukaanga zinyonyazo mafuta ziwe za Jumapili; siku nyingine zichemshwe na nyanya. Saa nne usiku mtu ale mayai mawili au ngumi moja ya karanga. Baada ya saa sita usiku, maji na chai isiyo na sukari tu, maana wakati huo mwili hushindwa kuishughulikia sukari vizuri. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kufunga mchana kutwa ili «kukonda haraka», kisha kumaliza sufuria nzima saa nane usiku.

Kikundi kiwe cha watu wanne hadi sita wa zamu moja, si hospitali nzima. Mashindano ya kupimana hadharani huua kikundi: mwenye kilo nyingi anacheka wiki ya kwanza, ya pili anasema ana mgonjwa. Kila mmoja awe na daftari lake, na mwenzake mmoja tu wa kulionyesha. Mizani ya wajawazito ipo. Itumike mara moja kwa wiki kabla kliniki haijafunguliwa, baada ya kukojoa, bila blauzi wala viatu, siku inayofuata usiku uliolalwa nyumbani. Asubuhi ya kutoka zamu usipime, maji ya miguuni yanaweza kukuongezea kilo nzima. Kila mwezi pandisha mizani bidoni (dumu) ileile iliyojazwa maji hadi alama ileile: namba ikibadilika, ni mizani imehama. Lengo liwe nusu kilo kwa wiki. Wiki ya kwanza zinaweza kuondoka mbili, nyingi ni maji, halafu sindano ya mizani inasimama na watu wanakata tamaa. Kilo nne kati ya 84 zinatosha kuanza kushusha presha na sukari.

Kuhusu mazoezi hatuna mengi. Shirika la Afya Duniani linataka walau dakika 150 kwa wiki, na vilima vya Bukavu ni vya bure. Ila mwenye magoti mabovu apande kwa miguu na ateremke kwa pikipiki. Kuteremka ndiko kunakoyaumiza.

Sasa kabati la dawa, kwa kuwa ufunguo tunao sisi. Furosemide, dawa ya kukojosha, haikondeshi. Inatoa maji na potasiamu, kilo zinarudi baada ya siku chache, na moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Wapo pia walionona kwa dexamethasone, dawa ya kupunguza uvimbe, waliyoinunua ili wapendeze. Hao wasiikate ghafla baada ya kuimeza kwa wiki nyingi, wamwone daktari awashushie dozi. Anayetumia dawa za kisukari, glibenclamide au insulini, asipunguze chakula kabla dozi haijaangaliwa, la sivyo sukari itashuka mno na ataanguka yeye kabla ya mgonjwa.

Kwa matitulere (wauguzi wakuu wa vituo vya afya) na wakurugenzi tunaomba jambo moja lisilohitaji pesa. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani kuhusu wauguzi, la 1977, linataka saa 12 za mapumziko kati ya zamu na zamu. Ratiba izunguke asubuhi, mchana, kisha usiku, wala si kinyumenyume, na ibandikwe wiki mbili kabla.

Yabaki maneno ya mtaani. Kwetu mtu akinona husifiwa kwamba pesa inaingia. Akikonda, watu wananong'ona ugonjwa, na muuguzi ananong'onwa zaidi kwa kuwa anashinda na wagonjwa. Wenzake wamkinge: wakiulizwa, wajibu kwamba ameacha soda. Lakini kama hakuacha kitu chochote na daftari linaonyesha kilo nne zimeondoka kwa miezi mitatu, asipongezwe. Apime makohozi (kifua kikuu), sukari na VVU wiki hiyohiyo.

Kikundi cha wauguzi,
Kadutu, Bukavu