Vipimo vya fundi na sala ya mtoto wa miaka 3

Kwa Mhariri,

Mama wa Goma anayetaka kumfundisha mtoto wake nyumbani kwa njia ya Montessori, yaani mtoto ajifunze mwenyewe kwa kushika vifaa, imani ikiwa ndani yake, huanza kwa kuuliza vifaa vinauzwa wapi. Tunaomba nafasi katika gazeti lenu tumjibu: fundi mbao wa mtaani kwenu anaviweza. Kinachotakiwa ni vipimo visivyodanganya, na mama anayejua kunyamaza.

Tuchukue mnara wa waridi. Una vipande kumi, kila kimoja pande zote sawa. Kidogo kabisa ni sentimita 1, kikubwa ni sentimita 10, na kutoka kimoja hadi kingine ni sentimita 1 kamili. Mtoto wa miaka 3 huvibeba mkekani kimoja kimoja, akajenga kuanzia kikubwa. Baadaye atavipanga kona juu ya kona, na hapo kwenye pande mbili hubaki kingazi cha sentimita 1 kati ya kila kipande na kinachofuata. Kipande kidogo kabisa hukaa juu ya kingazi hicho bila kupungua wala kuzidi. Mtoto hukipandisha ngazi kwa ngazi, akajihakikishia mwenyewe kwamba kazi iko sawa, bila kumtazama mama usoni. Sasa fundi akikata 9.6 mahali pa 9, ngazi moja inakuwa nyembamba, inayofuata inakuwa pana. Mtoto anaona kitu hakikai, hajui kosa ni la mkono wake au la mbao, anaacha na kwenda zake. Mama anasema mtoto hapendi kazi.

Kinachoharibu zaidi ni mkalitusi mbichi. Mbao ikikauka husinyaa kwa upana wa nyuzi, lakini kwa urefu wa nyuzi karibu haipungui kabisa. Kipande kilichotoka kwa fundi kikiwa sawa pande zote, baada ya miezi michache upande mmoja umezidi, na pengine kimepasuka. Ombeni mbao ya libuyu iliyokauka vizuri, na mwende na rula yenu wenyewe, mpime kila kipande mbele ya fundi kabla ya kulipa. Msikubali visanduku vya tripleksi: kipande cha sentimita 10 kiwe mbao tupu, kifike kama gramu 600, kwa maana mkono wa mtoto hutambua ukubwa kwa uzito pia. Na rangi iwe moja. Wengine hupaka kila kipande rangi yake ili mnara upendeze. Mtoto huanza kufuata rangi, na somo la ukubwa limekwisha hapo.

Upande wa imani, watu wengine hudhani Montessori na Kanisa ni mambo mawili. Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto Roma tarehe 6 Januari 1907, alikuwa Mkatoliki, na aliandika juu ya watoto kuishi ndani ya Kanisa. Mwaka 1954, huko huko Roma, Sofia Cavalletti, mtaalamu wa Biblia, na Gianna Gobbi, mwalimu wa Montessori, walianza katekesi ya Mchungaji Mwema kwa njia hiyo hiyo. Vifaa vyake vya kwanza ni zizi dogo la mbao, kondoo kumi na mchungaji.

Fundi aelezwe jambo moja. Kondoo hawa na mchungaji wao ni bapa: wamekatwa kwenye ubao mwembamba na kusimamishwa juu ya kitako. Sanamu za Noeli, yaani Mtoto Yesu, Maria, Yosefu na wachungaji wa Betlehemu, ni za kuchongwa kamili, za kuzungushwa mkononi. Sababu ni kwamba Mchungaji Mwema ni mfano aliousimulia Yesu, na kuzaliwa Betlehemu ni tukio lililotokea. Hakuna anayemweleza mtoto tofauti hii. Anaishika kwa vidole.

Mama huwasha mshumaa, akasoma sura ya 10 ya Yohana, mistari michache tu, polepole, kutoka katika Biblia yenyewe. Halafu anarudia huku akisogeza sanamu: mchungaji anaita, kondoo wanatoka, yeye anatangulia, wao wanafuata. Kisha swali moja: ni nani huyu anayewajua kondoo wake kwa majina? Hapo anyamaze. Pakiharibika, huharibika hapa, kwa sababu kimya kinatutisha sisi wazazi. Mama huongeza, “Kondoo ni wewe, basi uwe na adabu,” na Injili imegeuka kuwa fimbo. Mtoto asiambiwe kondoo ni nani. Atarudi kwenye zizi mara nyingi, pengine miezi, mpaka siku atakapolisema mwenyewe, na furaha ya siku hiyo haifai kuibiwa. (Walokole na Waprotestanti watatumia zizi hili hili; meza ya altare, yaani altare ndogo ya mtoto kujifunzia Misa, wataipanga kadiri ya Kanisa lao.)

Kazi za jikoni nazo zinaelekea huko huko. Mtoto aanze kumimina maharage makavu kutoka kikombe hadi kikombe, kijazwe nusu tu, akizoea, mchele, mwisho maji, yasizidi desilita 2, maana maji ya bidoni yamebebwa kwa mgongo. Mwenye mtoto wa chini ya miaka 3 ndani ya nyumba asiache maharage kwenye rafu, yataingia puani. Mkono uliozoea kumimina bila kumwaga ndio utakaoweza, kwenye altare ndogo, kutia divai katika kikombe na kisha matone machache ya maji, kama padri anavyofanya. Kwa divai, maji yaliyochemshwa na biterave yanatosha.

Herufi za msasa, zinazokatwa kwa karatasi ya msasa ili mtoto azifuate kwa kidole, nazo zina mtego wake kwetu. Wengi tulifundishwa kuzitaja kwa Kifaransa, a, be, se, na mtoto aliyezoezwa kusema “eme” akiunganisha na “a” anasoma “emea”. Tajeni sauti: mmm. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyosikika, kwa hiyo akijua irabu tano na konsonanti sita au saba tayari anaweza kuunda mama, meza, moto. Irabu zibandikwe kwenye ubao wa bluu, konsonanti kwenye waridi. Na sh, ch, ny na ng’ zipewe kila moja ubao wake, kwa kuwa sikioni ni sauti moja. Tieni herufi mbili au tatu kwa somo, zisizofanana. Kwanza, “Hii ni mmm.” Pili, “Nionyeshe mmm,” mara nyingi, kwa mchezo. Tatu tu ndipo, “Hii ni nini?” Anayerukia swali la tatu anapata kimya au uongo. Mtoto akikosea, usimsahihishe. Kusanya vibao, rudi kwenye hatua ya kwanza kesho.

Rafu moja inatosha, yenye kazi sita hadi nane, mkeka mmoja kwa kila mtoto, asubuhi kwa muda wa saa mbili au tatu bila kukatizwa na simu wala wageni.

Haya ni ya mtoto wa miaka 3 hadi 6. Baada ya hapo Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima, na katika shule za serikali ni ya bure, mtoto aandikishwe. Rafu ibaki mahali pake, mambo ya shule yaingie asubuhi, na zizi la kondoo livutwe mkekani jioni mshumaa unapowashwa.

Akina mama wafundishaji wa nyumbani,
Himbi, Goma