Shangazi alipimwa uwezo wa kuamua kwa Kiingereza. Tufanyeje?

Asalaam aleikum, Mshauri.

Nakuandikia kuhusu shangazi yangu, mjane wa miaka 79, mzaliwa wa Mombasa anayeishi Leicester, England. Ana dimensia inayotokana na mishipa ya damu ya ubongo. Akiwa amelazwa hospitali, afisa wa ustawi wa jamii alimpima kama anaweza kuamua mwenyewe wapi ataishi akitoka. Waliongea kwa Kiingereza, dakika ishirini hivi, saa kumi jioni, saa ambayo huwa amechoka na kuchanganyikiwa. Fomu ikaandikwa kwamba hana uwezo. Sasa mwanawe wa kiume anataka apelekwe nyumba ya kulelea wazee, bintiye anataka amchukue kwake, na kila mmoja anadai kuwa maadamu mama hawezi kuamua, kauli ni yake.

Kuhusu madai hayo, nimewaeleza wote wawili kwamba Sheria ya Uwezo wa Akili ya mwaka 2005, inayotumika England na Wales, haimpi mtoto kauli kwa sababu tu ni mtoto. Kama mtu hana mwakilishi aliyemteua mwenyewe wala aliyewekwa na mahakama, wanaohusika na matunzo yake ndio huamua kwa kuangalia maslahi yake. Watoto huulizwa maoni, lakini matakwa yake yeye, ya zamani na ya sasa, lazima yazingatiwe.

Kinachonisumbua zaidi ni kile kipimo. Sheria inasema mtu mzima ahesabiwe kuwa ana uwezo mpaka ithibitike kuwa hana, na asihukumiwe kuwa hawezi kabla hajasaidiwa kwa kila njia inayowezekana. Yanayotazamwa ni manne: aelewe anachoambiwa, akikumbuke kwa muda wa kutosha kuamua, akipime, kisha aeleze uamuzi wake kwa njia yoyote ile. Shangazi alijifunza Kiingereza ukubwani, kiwandani, na kwa baadhi ya wagonjwa kama yeye lugha iliyokuja baadaye huweza kutangulia kupotea. Ukimuuliza kwa Kiingereza anaitikia "yes" kwa kila swali. Ukimuuliza kwa Kiswahili asubuhi, anakwambia ngazi za nyumbani zinamshinda, kwamba aliteleza bafuni, na kwamba hata hivyo hataki kukaa mahali ambapo hakuna wa kuongea naye. Huko si kupima mambo?

Na mkalimani peke yake hatoshi. Akimuuliza "Una akili timamu?" atakuwa amemtukana, na shangazi atanyamaza. Afadhali aulizwe mambo yenyewe: ukianguka usiku, utamwita nani? Dawa anakupa nani? Kisha kuna adabu zetu. Mzee akiulizwa anataka kukaa wapi, hujibu "Mtakavyoona nyinyi wanangu." Mpimaji asiyetujua ataandika kwamba ameshindwa kuamua, kumbe ni heshima tu. Inabidi arudiwe: "Na wewe mwenyewe, moyo wako wapenda wapi?" Mkalimani naye asimpambe. Akijirudia, au akijibu nje ya swali, na lisemwe hivyo hivyo. Watoto wasitafsiri kabisa, kwani kila mmoja ana upande wake. Na akichagua jambo ambalo wao wanaliona si la busara, sheria hiyo hiyo inasema uamuzi usio wa busara peke yake si ushahidi kwamba hana uwezo.

Upande wa fedha, shangazi hakuwahi kuandika LPA, ile hati ya kumteua mwakilishi wa kudumu. Mwanawe anataka aitie saini wiki hii. Bintiye anasema wameshachelewa. Ninavyoelewa, uwezo hupimwa kwa kila uamuzi na kwa wakati wake, kwa hiyo fomu ya hospitali kuhusu makazi haifungi mlango wa LPA. Ila ni lazima aelewe hati hiyo ni nini, anampa nani mamlaka gani, na kwamba anaweza kuifuta akiwa bado na uwezo. Fomu ni mbili: LP1F ya mali na fedha, LP1H ya afya na matunzo. Hukwama sana kwenye mpangilio wa saini. Yeye hutia saini kwanza mbele ya shahidi. Anafuata mthibitishaji, yule anayethibitisha kwamba ameielewa hati na hakulazimishwa, ambaye awe amemfahamu kwa angalau miaka miwili au awe mtaalamu kama daktari, na asiwe ndugu wa familia. Wawakilishi huja mwisho. Tarehe zikipishana, hati inaweza kurudishwa, na kwa hali ya shangazi hiyo saini ya pili huenda isipatikane tena.

LPA ikishindikana, pensheni na mafao ya serikali yanaweza kusimamiwa na mtu aliyeidhinishwa na idara ya mafao, bila kwenda mahakamani. Lakini shangazi ana akiba benki, na hiyo yahitaji msimamizi anayeteuliwa na Mahakama ya Ulinzi (Court of Protection), inayoshughulikia mambo ya wasioweza kujiamulia: fomu COP1, COP1A, COP3 ya mpimaji wa uwezo na COP4 ya mwombaji, dhamana ya fedha, na taarifa kila mwaka. Ni kazi ya miezi. Tena mahakama hiyo ni nadra kumteua msimamizi wa masuala ya makazi na matunzo, kwa hiyo njia hii haitamaliza ugomvi wa wapi akae.

Mkutano wa kuamua makazi yake ni wiki ijayo. Je, tuwaandikie sasa hospitali na halmashauri kudai apimwe upya, kwa Kiswahili, asubuhi, na mkutano uahirishwe, au tuhudhurie na kupinga pale pale? Na kuhusu LPA, akikubali kuwateua wanawe wote wawili wafanye kila jambo kwa pamoja, mmoja akigoma hakuna kitakachokwenda. Akiwapa ruhusa kila mmoja kutenda peke yake, naogopa watavutana kwenye akaunti ile ile. Wewe ungemshauri ateue nani?

Mpwa wake, Leicester