Mwezi wa umisheni kwa watoto Burundi: mhudumieni mwalimu wao kwanza

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Msimu wa matangazo ya vikundi vya vijana wanaokwenda nchi jirani kuhudumia watoto kwa mwezi mmoja umefika, na vingi vya huku kwetu Kigoma vinavuka kwenda Burundi. Nia ni njema na sadaka inatolewa kwa moyo. Lakini maandalizi mengi yanakosea mahali pamoja: kikundi kinaondoka kikiamini kinakwenda kufundisha watoto. Watoto hao tayari wana mwalimu wao wa Shule ya Jumapili, mara nyingi mama mmoja mwenye darasa la watoto themanini, Biblia moja na hana ubao. Huyo ndiye wa kuhudumiwa. Mkilikubali hilo, karibu kila uamuzi wa safari unabadilika.

Tarehe kwanza. Juni, wakati shule zetu zimefungwa, wenzetu bado wanamalizia mwaka wa masomo. Likizo yao ndefu inaangukia Julai na Agosti, kwa hiyo nendeni Julai. Ni kiangazi, barabara za milimani zinapitika. Usiku wa Matana na Mugamba, kule milimani, ni wa baridi kali, bebeni masweta. Rumonge na Bujumbura, kando ya ziwa, ni joto na chandarua ni lazima. Asiye na pasipoti aulizie Uhamiaji hati ya dharura ya safari mapema. Chanjo ya homa ya manjano iwe imetimiza siku 10 kabla ya kuvuka, maana aliyechanjwa juzi anaweza kukwamisha kikundi kizima pale mpakani Manyovu. Na kwa kuwa Burundi imekuwa na uhaba wa mafuta kwa miaka kadhaa, ratiba ya kuzunguka vituo vitatu kwa gari huvunjika wiki ya kwanza tu. Chagueni kilima kimoja, mlale mahali ambapo kanisani mnafika kwa miguu. Kilima kule ndiyo ngazi ya chini ya utawala. Barua ya mwaliko ya kanisa mwenyeji imfikie mkuu wa kilima kabla yenu.

Lugha ndiyo inayomeza muda. Vijana hudhani Kiswahili kitatosha kwa sababu kinazungumzwa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, na Rumonge, na shuleni kinafundishwa. Ukipanda milimani, mtoto wa miaka sita anajua Kirundi tu. Somo la dakika 40 likipita kwa mkalimani linabaki na dakika 20, tena watoto wadogo humtazama mkalimani, wewe hawakuoni. Hadithi isizidi dakika 7, sentensi ziwe fupi, methali na mafumbo yabaki nyumbani. Mstari wa kukariri uwe mmoja kwa wiki nzima. "Imana ni urukundo", yaani Mungu ni upendo, ni maneno matatu, na mtoto wa miaka minne anaushika siku hiyo hiyo.

Hapa ndipo makanisa ya Kigoma na Ngara yana hazina ambayo hayaitumii. Anayezungumza Kiha au Kihangaza huelewana na Mrundi bila mkalimani. Kijana wa Kasulu au Buhigwe aliyekulia katika Kiha atafaa kuliko mpiga kinanda hodari wa mjini, na bado orodha za safari zinajazwa na wapiga vinanda. Jambo jingine: vilimani wapo watoto waliorudi na wazazi wao kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta huku Kigoma, na baadhi yao wanajua Kiswahili. Vikundi huwageuza wakalimani. Mtoto huyo amekuja kusikiliza na kucheza kama wenzake, naye anahangaika tayari kuonekana mwenyeji mahali ambapo wengine humwona wa kuja. Mwacheni akae na rika lake.

Sasa uji, kwa sababu kila kikundi kinautaka. Hesabu yake ni nyepesi. Watoto 100, kila mmoja kikombe cha mililita 300, ni lita 30: unga kilo 3 hadi 3 na nusu, sukari kilo 1 na nusu. Soya ikichanganywa lazima iwe imekaangwa au kuchemshwa kabla ya kusagwa. Ikisagwa mbichi watoto wataumwa matumbo, na lawama itabaki kwa kanisa baada ya ninyi kuondoka. Vikombe vikiwa 40, panga mabeseni matatu, la sabuni, la kusuuzia, na la maji yenye klorini, na mtu mzima asimame hapo mpaka kikombe cha mwisho. Kinachoshinda watu ni siku ya tatu. Habari imefika kilima cha pili, watoto wamekuwa 200, wakubwa wanawasukuma wadogo nyuma ya foleni, sufuria inakwanguliwa na nusu yao hawajapata. Mwezi ukiisha, yule mama anabaki na watoto wanaouliza uji uko wapi, na wengine hawarudi tena darasani kwake. Ushauri wetu: uji upikwe tu pale ambapo wazazi wa kilima wamekubali kuchangia unga, ninyi mkaleta sufuria na kuziacha. Wasipokubali, acheni. Saa tatu hadi saa tano asubuhi, mtoto akishateka maji ya nyumbani na kabla ya chakula cha mchana, panafundishika vizuri bila uji.

Ulinzi wa watoto hauna mjadala. Kila anayekwenda awe na hati ya polisi ya kuonyesha hana rekodi ya jinai, na wadhamini wawili wasio ndugu zake. Mtu mzima mmoja kwa watoto 8 walio chini ya miaka 6, mmoja kwa 12 kwa wakubwa, na wakati wote wawe watu wazima wawili au zaidi. Mtoto haingii chumba cha mgeni kwa sababu yoyote. Picha za sura hazirushwi kwenye status, na jina la mtoto halikai pamoja na jina la kilima chake. Mtoto akisema ameumizwa, msikilize, usimwahidi siri, usimhoji. Andika maneno yake kama alivyoyasema na uyafikishe siku hiyo hiyo kwa mtu aliyeteuliwa na kanisa mwenyeji. Wateuliwe wawili, mmoja wao wa nje ya parokia au usharika ule, maana anayetuhumiwa anaweza kuwa ndiye mteule.

Wazazi wasaini ruhusa iliyoandikwa kwa Kirundi, inayosema wazi kwamba watoto watafundishwa Biblia. Wengine ni Wakatoliki, wengine Waislamu, na wana haki ya kujua. Na tafadhalini, acheni kuhesabu "waliookoka" kwa ajili ya ripoti. Ukiwauliza watoto nani anampenda Yesu, mikono yote inainuka, na kesho inainuka tena yote.

Ratiba tunayoipendekeza ni hii. Wiki ya kwanza kikundi kinakaa nyuma, kinajifunza majina na nyimbo za pale. Wiki ya pili na ya tatu mwenyeji anasimulia hadithi, kikundi kinasaidia michezo, na mchana wanaandaa somo la kesho pamoja. Wiki ya nne kikundi hakigusi ubao. Vijana huona uchungu hapo, kwa kuwa waliwaambia wachangiaji wanakwenda kufundisha. Basi wachangiaji waambiwe ukweli tangu harambee.

Theluthi moja ya bajeti ibaki kule: ubao wa plaiwudi uliopakwa rangi nyeusi, chaki, Biblia za Kirundi zinunuliwe Bujumbura, mipira miwili na pampu yake. Mpira bila pampu haumalizi Agosti. Vitabu vya Kiswahili msibebe. Na mtu mmoja wa kikundi apewe jukumu la kumpigia simu mwalimu yule kila mwezi hadi Julai inayofuata, gharama ya vocha ikiingizwa kwenye bajeti kabla ya nauli.

Walimu wa Shule ya Jumapili,
Kigoma