Ada ya probesheni inawarudisha watu jela, ifutwe

Mhariri,

Nimesoma habari yenu kuhusu watu walioko probesheni (kifungo cha nje chini ya uangalizi) na paroli (kuachiwa kabla kifungo hakijaisha) huku Marekani wanavyotozwa hela ya kusimamiwa kila mwezi, nikaona nisikae kimya maana wengi wanadhani mtu akishaambiwa na jaji hafungwi basi yameisha, anaenda zake nyumbani. Hayajaisha. Kuna afisa wa kuripoti kwake, kuna kupimwa mkojo, kuna madarasa ya lazima, wengine wanafungwa mguuni kifaa cha kuwafuatilia walipo, na sehemu nyingi vyote hivyo analipia mwenyewe halafu juu yake kuna ada ya huyo afisa kumsimamia. Texas sheria inamtaka jaji aweke kati ya dola 25 na 60 kwa mwezi. Massachusetts kabla hawajaacha ilifika dola 65, yaani ukipewa miaka miwili ni dola 1,560, na hapo hujagusa faini wala fidia ya uliyemkosea.

Kuna watakaosema dola 65 ni hela ndogo. Sasa tuangalie anayelipa ni nani. Ni mtu katoka ndani juzi, kila akiomba kazi rekodi inatokea, anachopata ni kibarua cha zamu, na ofisi ya probesheni inafunguliwa saa zile zile za kazi. Kuna jamaa tunafanya naye kazi ghalani yuko kwenye hali hii. Ofisi yake haipokei keshi wala kadi, inataka mani oda, ile hati ya malipo ya kununua, kwa hiyo kwanza apange foleni dukani anunue mani oda na kuinunua kwenyewe kuna makato, apande basi, asubiri kwenye benchi mpaka aitwe, akirudi zamu ilishaanza zamani na saa hizo halipwi. Risiti zake zote anazo, kazikunja kaziweka kwenye pochi nyuma ya kitambulisho na hatupi hata moja, maana waliwahi kumwambia kuna mwezi hajalipa na alikuwa kalipa, risiti ndiyo iliyomuokoa.

Kinachoniuma zaidi ni kinachotokea mwezi ambao hela haipo. Mtu anaogopa kwenda. Anajiambia nikienda mkono mtupu watanishika pale pale, bora nisubiri mshahara wa wiki ijayo, sasa asipokwenda ndiyo kavunja sharti la kuripoti, hati ya kukamatwa inatolewa, siku akisimamishwa na polisi barabarani anarudi ndani. Kwenye karatasi kosa lake ni kutoripoti, habari ya hela haionekani popote. Na afisa mwenyewe, ambaye kazi yake ilikuwa kumsaidia mtu apate kazi na aache pombe, anageuka mdai. Nani atamwambia ukweli mtu anayemdai?

Sheria inayokataza kumfunga mtu kwa umaskini ipo. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Bearden na jimbo la Georgia. Huyu Bearden alitakiwa alipe dola 750, faini na fidia, akakopa kwa wazazi wake akalipa 200 za mwanzo, kisha akaachishwa kazi, na alikuwa mtu asiyejua kusoma, akatafuta kazi nyingine akakosa, wakamfutia probesheni wakamfunga. Mahakama ikasema huwezi kumfunga mtu kwa kushindwa kulipa bila kwanza kuuliza kama amekataa makusudi au kweli hana. Ni uamuzi mzuri, ila hilo swali linatakiwa kuulizwa kwenye chumba cha mahakama chenye msururu wa kesi, na mara nyingi mshtakiwa hana wakili wa kusema jaji subiri kidogo.

Kuna na hii ya kampuni binafsi zinazosimamia watu wa probesheni, kwenye baadhi ya majimbo. Watu wawili wanapigwa faini moja ya kosa la barabarani, mwenye hela analipa dirishani anaondoka, asiye nayo anawekwa probesheni alipe kidogo kidogo na kila mwezi kampuni inachukua ada yake juu. Anaishia kulipa zaidi kwa sababu tu siku ile mfukoni hakuwa na kitu. Georgia ilibana hili mwaka 2015, ada kwa watu wa aina hiyo isizidi miezi 3, lakini msingi wenyewe haukuguswa.

Wanaotetea wanasema mlipa kodi asibebe mzigo wa mkosaji. Lakini usimamizi huu ni kwa usalama wetu sote, kwa nini bili apewe mmoja? Na mambo haya hayakuanza hivi. Mwaka 1841 Boston, fundi viatu John Augustus alimwekea dhamana mlevi mmoja mahakamani ili asifungwe, akaendelea kwa wengine kwa miaka, halipwi na serikali, hela inatoka kwake na kwa marafiki. Yule aliyesimamiwa hakuwa analipa.

Majimbo yaliyoacha yapo. California ada hizi zilifutwa kuanzia Julai 2021, Oregon na Massachusetts mwaka 2022. Nawaomba wasomaji wenzangu mlioko huku wenye kura mmuulize mbunge wenu wa jimbo kuhusu hili, na asiishie kwenye ada za mbele tu. California walifuta na madeni ya nyuma yasidaiwe tena, na hapo ndipo pa kukazia, kwa sababu mtu aliyemaliza probesheni yake zamani bado anaweza kuwa anadaiwa mpaka leo.

Msomaji wenu, Marekani