Risala ya Wazazi wa Wachezaji kwa Mgeni Rasmi, Cedar Rapids, Iowa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kocha mkuu wa timu ya shule;
Waheshimiwa walimu, wachungaji na masheikh;
Akina mama, akina baba, na ninyi vijana wetu wachezaji:

Bwana asifiwe, asalaam aleikum.

Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu, hali msimu umekwisha na ulistahili kupumzika. Sisi ni wazazi tunaozungumza Kiswahili katika mji huu, wengi wetu tukitokea Kongo na Burundi. Tulipofika Iowa, mpira tulioujua ni ule wa kupigwa kwa mguu. Huu wenu wa kushikwa mkononi, futiboli ya Kimarekani, tumefundishwa na watoto wetu, nao ndio waliotutajia jina la Kurt Warner. Risala nyingi husoma idadi ya wanachama na salio la mfuko. Sisi tumeomba tumzungumzie yeye, maana maombi yetu mawili yamo ndani ya maisha yake.

Kwa faida ya wazazi wageni wa mchezo huu: kwotabeki ndiye anayepokea mpira karibu kila shambulio la timu yake linapoanza. Ana sekunde mbili tatu za kuamua ampasie nani, huku wanaume wa kilo mia na zaidi wakimjia wamwangushe. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Warner.

Alizaliwa mwaka 1971 Burlington, akakulia hapa Cedar Rapids na kusoma sekondari ya Regis, ambayo baadaye iliunganishwa na LaSalle ikazaliwa Xavier. Akaenda Chuo Kikuu cha Northern Iowa. Huko alikaa benchi hadi mwaka wake wa mwisho. Alipopewa nafasi mwaka 1993, alichaguliwa mchezaji bora wa ushambuliaji katika ligi yao ya vyuo. Hata hivyo, timu za NFL, ligi kuu ya mpira huu, zilipogawana wachezaji wa vyuo mwaka 1994, hakuna iliyomtaja. Green Bay Packers walimwita kambini, wakamwacha kabla msimu haujaanza.

Ndipo akaingia kazini katika duka la vyakula huko Cedar Falls, akipanga bidhaa kwenye rafu usiku kwa dola 5.50 kwa saa. Mgeni Rasmi, ukumbini humu wapo wazazi watakaotoka hapa moja kwa moja kwenda zamu ya usiku. Sehemu hii ya hadithi hawahitaji kuelezwa.

Watu hupenda kuisimulia kana kwamba alitoka dukani leo, kesho akabeba kombe. Haikuwa hivyo, na sisi tunaona ile miaka ya katikati ndiyo yenye mafunzo. Kuanzia 1995 alicheza Iowa Barnstormers ya Des Moines, mpira wa ndani ya ukumbi, uwanja wa yadi 50 tu. Mahali padogo namna ile, ukichelewa kuachia mpira umekwisha, na mkono wake ukazoea haraka. Mwaka 1997 alipangiwa majaribio na Chicago Bears, akaumwa na mdudu kwenye kiwiko akiwa fungate, majaribio yakapotea. (Hapo akina mama mmecheka, lakini kwake hayakuwa ya kuchekesha.) Kabla ya msimu wa 1998 St. Louis Rams walimsajili, wakampeleka Amsterdam kucheza ligi ya Ulaya, kisha akarudi kuwa kwotabeki wa tatu. Mwanzoni mwa 1999 Rams walimweka kati ya wachezaji ambao timu mpya ya Cleveland ingeweza kuwachukua. Cleveland nao wakampita.

Agosti mwaka huohuo kwotabeki wa kwanza wa Rams, Trent Green, aliumia goti. Kocha Dick Vermeil alisimama mbele ya waandishi wa habari akilia, na akasema timu itamzunguka Warner na itacheza vizuri. Timu iliyokuwa imeshinda mechi 4 tu msimu uliotangulia ikashinda 13. Warner, mwenye miaka 28, alitupa pasi 41 za tachidauni, yaani za kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, na kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi. Tarehe 30 Januari 2000, mjini Atlanta, Rams waliifunga Tennessee Titans 23 kwa 16 katika Super Bowl. Pasi zake zilifikisha yadi 414, rekodi ya fainali hiyo kwa wakati ule.

Mwaka 2001 alikuwa tena mchezaji bora wa ligi, ingawa fainali waliipoteza kwa New England. Kisha akaanguka. Mkono uliumia, mpira ukawa unamponyoka, Rams wakamwacha mwaka 2004. New York Giants wakampa nafasi, halafu wakamweka benchi ili kijana Eli Manning aanze. Akahamia Arizona Cardinals, nako alikalishwa kumpisha kijana mwingine. Kwetu sisi, kuinuka kwake mara ya pili ni kukubwa kuliko kule kwa kwanza: akiwa na miaka 37 aliifikisha Arizona kwenye Super Bowl ya kwanza katika historia yake. Walifungwa na Pittsburgh 27 kwa 23, Februari 2009.

Januari 2010 aliwatoa Packers, walewale wa 1994, pointi 51 kwa 45. Alitupa pasi 33, zikafika 29, tano zikiwa tachidauni. Mechi iliyofuata, dhidi ya New Orleans, aligongwa vibaya sana. Siku chache baadaye, tarehe 29 Januari, alitangaza kustaafu. Mwaka 2017 aliingizwa katika Ukumbi wa Heshima huko Canton, Ohio.

Mgeni Rasmi, maombi yetu ni haya.

La kwanza, watoto wa kikosi cha pili na cha tatu wapangiwe mechi zao msimu ujao. Baadhi yao waliushika mpira huu mara ya kwanza wakiwa na miaka kumi na tano, na hawawezi kujulikana wakiwa wamekaa. Usafiri wa mechi hizo wazazi tuko tayari kuuchangia.

La pili linahusu kichwa. Tunaletewa fomu tutie sahihi, na wengi wetu tunatia bila kuelewa kilichoandikwa. Tunaomba kabla ya mazoezi kuanza tukutanishwe na mhudumu wa afya wa timu, akiwa na mkalimani wa Kiswahili, atueleze dalili za mtoto aliyegongwa kichwa na siku anazopaswa kukaa nje.

Chakula kiko tayari: kuna sombe, wali na samaki. Tunaomba kuwasilisha.