Msimkate mtoto kimeo

Mpendwa shoga yangu Mama Nuru,

Salamu kwako na kwa shemeji. Barua yako nimeipata, na habari kwamba mama mkwe ameshaongea na mkata kimeo imeninyima usingizi. Nakuomba umzuie. Mluzi ule anaoutoa mtoto akivuta pumzi hautoki kwenye kimeo. Tatizo liko chini zaidi, kwenye zoloto, yaani kisanduku cha sauti kooni. Kimeo kikikatwa mluzi utabaki palepale, na mtoto atakuwa amepoteza damu na kuingiziwa vijidudu.

Daktari aliyemchungulia kwa kamera kupitia puani amekwambia kweli: gegedu la juu ya zoloto bado laini mno, na nyama zinazolizunguka zimelegea. Kila akivuta pumzi zinavutwa ndani na kuziba njia, ndiyo maana huzidiwa akilala chali, akilia au akinyonya. Watoto wengi wa namna hii hupona wenyewe kabla ya kutimiza miaka 2. Wako anahitaji upasuaji kwa kuwa mbavu zinabonyea na uzito umesimama. Wala hajabemendwa, shoga yangu. Usikubali mtu akutie aibu hiyo. Maziwa yote anayonyonya yanaishia kwenye kazi ya kupumua.

Umeuliza kama leza, ule mwali wa mwanga wa kukatia nyama kwenye upasuaji wake, itamchoma koo. Nikueleze ninayoyaona kazini. Mtoto hupewa nusu kaputi, daktari akapitisha chombo mdomoni, bila kuchana shingo, huku akitazama kwa hadubini. Mwali wa leza ya kaboni dioksaidi hufyonzwa na maji yaliyomo kwenye nyama, kwa hiyo hukata juu juu tu na kuziba vimishipa vya damu papo hapo. Nyama ya ziada huondolewa kidogo kidogo, maana ikizidi kuondolewa kovu laweza kubana njia upya. Tunachokiogopa sana ni moto, kwa kuwa oksijeni huuchochea. Daktari wa usingizi huipunguza, nasi tunamfunika mtoto macho na uso kwa vitambaa vilivyoloweshwa. Wakisema watatumia mkasi mdogo badala ya leza, msihofu, nao hufanya kazi vizuri.

Baadaye atalazwa kwa uangalizi, maana koo huvimba. Muulize daktari kuhusu kucheua pia, kwani asidi ya tumboni huchubua kidonda.

Kabla ya siku ya upasuaji, pumzi ikikatika au midomo ikawa ya buluu, msingoje kuche. Kimbilieni hospitali.

Nimeomba ruhusa nije nikae nawe wodini. Mama mkwe mwambie nitampigia simu mwenyewe kesho jioni.

Shoga yako,
Mama Salma