Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Maigizo ya Pasaka

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji nawasalimu nyote, na nawashukuru ninyi mliofika. Akidi imetimia baada ya kusubiri zaidi ya saa nzima, nami suala hilo nitalirudia.

Shughuli za mwaka mnazifahamu, kwa hiyo nitazipitia kwa ufupi. Maandamano ya Jumapili ya Matawi yalifanyika. Ijumaa Kuu tuliigiza Mateso ya Yesu, na asubuhi ya Pasaka tukaigiza wanawake kaburini. Maleba yamefuliwa na kuhifadhiwa, vipaza sauti vimerudishwa kwa wenyewe, viti vya kuazima vimerudi vyote. Kamati ilikutana mara 9. Hesabu atazisoma mweka hazina.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua ndilo limewaleta wengi wenu leo, yaani uamuzi kwamba umati wa mbele ya Pilato usivae kanzu, vilemba wala ndevu za bandia, bali waigizaji waje na nguo zao za kila siku na kusimama katikati ya watazamaji. Barua mbili zimeandikwa kuulalamikia. Ya kwanza inasema tumevunja desturi. Ya pili inasema umati ulionekana kama watu waliotoka sokoni.

Uamuzi huu haukuwa wa mtu mmoja, ingawa wazo nililileta mimi na sijutii kulileta. Ulijadiliwa katika vikao viwili, muhtasari upo, na waliokuwa na haki ya kuupinga walialikwa.

Waliosimama mbele ya Pilato walikuwa watu wa kawaida, waliotoka majumbani na sokoni. Tukiwavika mavazi ya mbali, mtazamaji anapumua na kusema moyoni, "Hao walikuwa Wayahudi." Hapo mchezo umeshapotea. Na hatari yake si ya kufikirika. Huko Ulaya, kwa karne nyingi, Wayahudi walishambuliwa majira ya Pasaka na watu waliotoka kutazama maigizo ya Mateso, na ipo miji iliyolazimika kuweka walinzi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ulitamka wazi mwaka 1965 kwamba lawama ya kifo cha Kristo haiwezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule, sembuse wa leo. Oberammergau, kijiji cha Ujerumani kinachojulikana kuliko vyote kwa mchezo huu, kilibadilisha mswada wake hatua kwa hatua, na katika onesho la mwaka 2000 kikauondoa ule ukelele wa Mathayo 27:25, "Damu yake na iwe juu yetu." Ikiwa wao, wenye desturi inayoanzia 1634, waliona inafaa kurekebisha, sisi ni nani tung'ang'anie ndevu za bandia?

Isitoshe, hatukubuni kitu kipya. Mateso yanaposomwa kanisani Ijumaa Kuu, mahali pengi maneno ya umati husemwa na waumini wenyewe. Wanasema "Msulubishe!" wakiwa na nguo walizokuja nazo. Na wale waliokuwapo mwaka huu walisikia kilichotokea: sauti ya kwanza ilitoka nyuma ya viti, ya pili ikatoka pembeni, na watazamaji wakaanza kugeuka kutazamana. Mzee mmoja alimshika mkono mwigizaji aliyekuwa karibu naye akamwambia anyamaze. Kwa miaka yote niliyokuwa katika chama hiki, sijaona mtazamaji akiguswa hivyo na kanzu.

Lipo pendekezo jingine, kwamba tuachane na mazoezi na badala yake tuoneshe filamu, au tukodi kikundi cha waigizaji wa kulipwa. Nalipinga, na nitaendelea kulipinga nikiwa mwenyekiti au nisipokuwa. Thamani ya mchezo huu iko kwa wanaouigiza kabla ya kuwafikia wanaoutazama. Oberammergau waliweka nadhiri ya kuigiza Mateso mwaka 1633 wakati wa tauni, na hadi leo anayeruhusiwa kuigiza ni mzaliwa wa kijiji au aliyeishi hapo angalau miaka 20. Wanaanza kufuga nywele na ndevu tangu Jumatano ya Majivu ya mwaka unaotangulia onesho. Iztapalapa, katika Jiji la Mexico, wenyeji walianza kuigiza Mateso mwaka 1843, miaka 10 baada ya kipindupindu. Mjini York, Uingereza, katika Enzi za Kati, kila chama cha mafundi kilibeba sehemu yake: waokaji waliigiza Karamu ya Mwisho, na watengeneza misumari wakaigiza kusulubiwa. Fikirini fundi anayepigilia msumari anaoutengeneza kila siku. Mwigizaji wa kukodi hawezi kukupa hilo.

Lakini jumuiya haiigizi kwa kubaki nyumbani. Chama kina wanachama 64. Waliolipa ada kamili ni 23, waliolipa nusu ni 11, wengine wote bado. Mazoezini wastani ulikuwa watu 17, wakati mswada unahitaji 40. Kusimamisha msalaba wetu pamoja na mtu aliyefungwa juu yake kunataka watu 6: wawili kwenye kamba, wawili mabegani, wawili wa kuongoza shina liingie shimoni. Wiki ya mwisho kabla ya Matawi walikuja watatu. Kijana wetu aliyeigiza Yesu alikuwa ameshafungwa mikono, akabaki amelala juu ya mbao huku sisi tukipiga simu zisizopokewa. Nilishika kamba mwenyewe. Mama mmoja wa kundi la wanawake wa Yerusalemu alimkabidhi mwenzake mtoto, akaja kushika shina. Msalaba ukasimama. Namshukuru mama yule mbele ya mkutano huu, na nawauliza waliokuwa wameandikwa kazi hiyo: mlikuwa wapi?

Wapo wanaosema watu hawaji kwa sababu ya uamuzi wa maleba. Daftari la mahudhurio linaonesha upungufu ulianza miaka miwili kabla ya uamuzi huo. Daftari liko kwa katibu, anayetaka alitazame.

Kwa mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kuanza mazoezi mapema zaidi, kuwavuta vijana wengi, kutafuta mahali pa kudumu pa kuhifadhia vifaa, na ikiwezekana kuongeza igizo la wanafunzi wa Emau. Kamati itaendelea kuyafanyia kazi hayo kadiri hali itakavyoruhusu. Ada zinapokelewa na mweka hazina kwenye meza ya mlangoni, leo pia.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti